Sitaha ya Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Mashua ya Starehe Iliyotaka Kufanana na Meli ya Kifahari

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika mwalo mmoja wa upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, mahali fulani kati ya Entebbe na Jinja. Jina la chombo, la mwenye chombo na la mwalo wenyewe yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimesogezwa hadi namba iliyo karibu ili chombo kisitambulike, lakini uwiano wa namba hizo umebaki ule ule, kwa kuwa uzito wote wa kisa umo ndani ya uwiano huo. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi, manahodha na wenye vyombo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kazi. Katika mwalo ule fundi mkuu alikuwa ametoka Mwanza, makanika wa injini alikuwa mtu wa Kisumu, wachomeleaji walikuwa vijana wa Mukono na Buikwe, na bila Kiswahili hata nati moja isingekazwa.

Chombo kilikuwa cha chuma, chenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 5.4 kwenye mstari wa maji, na kilijengwa awali ili kupeleka simenti, mchele na bia visiwani na kurudi na samaki, mkaa na abiria. Mwenye chombo alikinunua kikiwa kimechoka, akabadilisha injini, akaweka jiko na baa kwenye sitaha ya chini, kisha akaamua kukigeuza kuwa mashua ya starehe ya jioni. Wageni wangepanda saa kumi na moja, wangekula, wangepigiwa muziki, wangetazama jua likizama upande wa visiwa vya Ssese, na kurudi nchi kavu saa tatu usiku. Idadi aliyoikusudia ilikuwa watu 60, na wote alitaka wakae juu, kwenye sitaha mpya ya tatu yenye bwawa la kuogelea.

Hakuna fundi wa ziwa hili anayesikia maneno "mashua ya starehe" bila kukumbuka Novemba 2018, wakati mashua ya aina hiyo ilipozama karibu na pwani ya wilaya ya Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa. Miezi miwili kabla yake, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara upande wa Tanzania, kikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake wa watu 101, na watu 228 wakapoteza maisha. Fundi mkuu wetu alikuwa kijana wa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama, na hilo ni jambo ambalo hakupenda kuulizwa.

Meli iliyoigwa

Mwenye chombo alikuwa na video kwenye simu yake, na kila mazungumzo yalianzia hapo. Ilikuwa ya Oasis of the Seas, meli iliyojengwa Turku nchini Finland na kukabidhiwa kwa wenyewe mwishoni mwa Oktoba 2009, ikiwa wakati huo ndiyo meli kubwa kuliko zote za abiria duniani. Ina urefu wa takribani mita 361, sitaha 16 za abiria, nafasi ya wageni 5,400 wakilala wawili wawili chumbani au 6,296 vitanda vyote vikijaa, na mabaharia na wahudumu zaidi ya 2,100. Injini zake 6 za dizeli huzalisha jumla ya takribani megawati 97 za umeme, na umeme huo ndio unaozungusha viendeshaji vitatu vinavyoning'inia chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, kila kimoja cha megawati 20, vyenye uwezo wa kugeuka mduara mzima, hivyo meli haina haja ya usukani wa kawaida.

Namba ambayo mwenye chombo aliipenda zaidi ilikuwa tani 225,282, aliyoidhani kuwa uzito. Si uzito. Hiyo ni tani ya ujazo, yaani kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, na kosa la kuichukulia kama uzito nimelikuta hata kwa watu wenye vyeti. Uzito halisi wa meli ile ikiwa majini ni takribani tani 100,000, na tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo siri ya umbo lake: sehemu kubwa ya kile kinachoonekana juu ni vyumba, kumbi na hewa, vilivyozungukwa na sahani nyembamba, ilhali injini, mafuta, maji na mitambo vimelala chini.

Hoja yake hata hivyo haikuwa ya kipumbavu, na nilichelewa kuijibu vizuri. Alisema: "Injinia, meli hii ina mita 72 juu ya maji na mita 9 tu chini ya maji. Yangu itakuwa na mita 6 juu na mita moja na robo chini. Kwa nini yao isimame na yangu ilale?" Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Ukitazama kimo peke yake, chombo chake kilikuwa na kiasi kuliko kile cha Finland.

Jibu la kwanza limo katika upana. Nguvu ya chombo kujirudisha kinapolala upande hutokana zaidi na umbo la uso wake kwenye mstari wa maji, na katika hesabu hiyo urefu huingia mara moja tu, ilhali upana huzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Karakana ya Turku ilikuwa imejenga Freedom of the Seas mwaka 2006, yenye urefu wa mita 339 na upana wa mita 38.6 kwenye mstari wa maji. Walipotaka kupandisha majengo zaidi, urefu waliuongeza kwa mita 22 tu, lakini upana waliupeleka hadi mita 47. Ongezeko hilo la upana ni kama asilimia 22, nalo peke yake linaongeza nguvu ya kujirudisha kwa takribani asilimia 80. Kina cha chombo majini hakikubadilika sana, kwa sababu bandari za Karibi hazina kina cha kuchezea. Kwa maneno mengine, kila sitaha iliyoongezwa juu ilikuwa imelipiwa kwanza kwenye ubavu.

Kimo nacho kilihesabiwa kwa makini yaleyale. Meli ilipotoka Bahari ya Baltiki usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2009, ilibidi ipite chini ya daraja la Great Belt nchini Denmark, lenye nafasi ya mita 65. Dohani zake zilikuwa zimeundwa ziweze kushushwa, na nahodha aliongeza mwendo ili meli ididimie kidogo zaidi majini, jambo linalotokea chombo kikubwa kinapokwenda kasi penye kina kifupi. Ilipita, na nafasi iliyobaki haikufika mita moja.

Jibu la pili nitalieleza mahali pake, kwa kuwa hata mimi sikuliona hadi hesabu ilipokuwa mezani.

Mfululizo wa matukio

Kazi ilikuwa imeshaanza niliposhirikishwa. Nguzo za chuma za sitaha ya tatu zilikuwa zimesimama, fremu ya bwawa la mita 3 kwa 2 ilikuwa imechomelewa juu, na sababu ya kuniita haikuwa shaka bali makaratasi. Tangu sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021, wakaguzi wamekuwa wakali zaidi, na aliyekuja mwaloni hapo aliuliza swali moja tu, kwamba hesabu ya uthabiti, yaani ya uwezo wa chombo kujirudisha kinapolala, iko wapi. Haikuwapo. Michoro ya chombo pia haikuwapo, kama ilivyo kwa vyombo vingi vinavyouzwa mkono kwa mkono, kwa hiyo siku mbili za kwanza zilikwisha tukilipima umbo lake kwa uzi na futi kikiwa kimevutwa nchi kavu.

Siku ya tatu kilishushwa majini kwa jaribio la kuinamisha, yaani kuhamisha uzito unaojulikana kutoka ubavu hadi ubavu na kupima chombo kinainama kiasi gani. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, kamba zikiwa zimelegezwa na watu wote wameshuka isipokuwa wanne. Uzito wa kuhamisha ulikuwa jerikani 40 za lita 20, zilizojazwa maji hadi mdomoni na kupimwa moja moja kwenye mizani ya samaki iliyoazimwa kwa wanawake wa mwaloni, ambao walisimama ufukweni kutazama wanaume wakipima maji kama sangara. Ndani tulining'iniza timazi kwa uzi wa mita 2, ncha yake ikiwa ndani ya ndoo ya mafuta machafu ya injini ili isiyumbeyumbe, na mbele yake tukaweka ubao wenye alama za sentimita.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Jerikani 10 zilipohamishwa mita 4 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, timazi lilisogea sentimita 3, likasita, kisha likaendelea kutambaa polepole hadi 4 bila kutulia. Fundi mkuu aliinua ubao wa sakafu bila kusema neno. Ngama, yaani nafasi ya chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa na maji, labda ya kifundoni, nayo yalikuwa yakitiririka kufuata upande ulioinama na kuongeza uzito palepale ambapo haukutakiwa. Tulisimamisha kazi, tukaivuta kwa pampu, tukamalizia kwa matambara, na tukaanza upya. Safari hii kila jerikani 10 zilisogeza timazi sentimita 2.5: mbili na nusu, tano, saba na nusu, kumi. Hatua zilizolingana hivyo ndizo zinazokuambia kwamba jaribio lako ni la kuaminika.

Kutokana na matokeo hayo, na chombo kikiwa na tani 68 siku hiyo, kimo cha metasenta kilikuwa mita 0.94. Hilo ni umbali kati ya kitovu cha uzito wa chombo na nukta iliyo juu yake ambayo chombo hujizungusha kikilala kidogo, na kadiri umbali huo unavyokuwa mkubwa ndivyo chombo kinavyorudi kwa nguvu. Kisha nikaongeza kwenye karatasi yale yaliyokuwa bado hayajapakiwa: mafuta, maji, vyombo vya jikoni, chuma kilichobaki, tani 3 za maji ya bwawa, na watu 60 juu kabisa, kila mmoja kwa kilo 75. Chombo kingefika tani 85, na kimo cha metasenta kingeshuka hadi mita 0.32.

Niliandika barua yenye namba hiyo, na hilo lilikuwa kosa langu kubwa katika kisa kizima. Siku mbili baadaye mwenye chombo alinipigia simu akiwa na furaha. Alikuwa amepata kwa mtu fulani Kanuni ya Uthabiti ya mwaka 2008 ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, inayosema kwamba kimo cha metasenta mwanzoni kisipungue mita 0.15, na chombo chake kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Alitaka wachomeleaji warudi kazini kesho yake.

Kanuni hiyohiyo, hata hivyo, ina sharti jingine kwa vyombo vya abiria: watu wakisongamana upande mmoja, chombo kisilale zaidi ya nyuzi 10. Watu 60 wenye kilo 75 kila mmoja ni tani 4.5. Wakisogea mita 2 tu kutoka katikati kwenda ubavuni kutazama jua, au kumtazama mwenzao aliyeangusha simu majini, chombo cha tani 85 chenye mita 0.32 kinalala nyuzi 18. Kwa nyuzi 18 meza zinateleza, watu waliokuwa wamesimama katikati nao wanajikuta ubavuni, na hesabu inaanza upya kwa namba mbaya zaidi.

Hapo ndipo jibu la pili kwa swali la mwenye chombo lilipojitokeza. Abiria wote 6,296 wa meli ile ya Turku, kwa kilo 75 kila mmoja, hawafiki tani 500, na kwenye chombo cha tani 100,000 uzito huo haufiki nusu ya asilimia moja. Wote wakikimbilia upande mmoja kutazama nyangumi, meli haitajali. Kwenye mashua yetu watu ni zaidi ya asilimia 5 ya uzito wote, wamewekwa juu kabisa, na ni mzigo wenye miguu. Meli kubwa inaweza kuwasahau abiria wake katika hesabu hiyo. Mashua ndogo haiwezi.

Uamuzi na sababu zake

Mwenye chombo hakushawishika kwa nyuzi, na sikumlaumu, maana nyuzi 18 kwenye karatasi hazina harufu wala sauti. Aliyemshawishi ni fundi mkuu. Alipasua jerikani ya zamani kwa urefu, akaiweka nusu moja ielee kama hori kwenye karai la kufulia, akaweka mawe madogo sakafuni mwake, ikasimama vizuri. Kisha akalaza kibao juu ya kingo zake na kuyahamishia mawe yaleyale juu ya kibao. Ikapinduka papo hapo, mawe yakazama. "Bosi, mawe ni yaleyale," alisema. Halafu akafunga chupa mbili tupu za soda, moja kila ubavu, akarudia. Ikayumba, ikasimama. Mwenye chombo alichuchumaa mbele ya karai lile kwa muda mrefu, akaigusa jerikani kwa kidole upande huu na upande ule, kisha akauliza chupa za soda kwenye chombo chake zingegharimu kiasi gani.

Njia tatu zilijadiliwa. Ya kwanza, iliyopendwa na kila mtu kwa sababu ni rahisi, ilikuwa kuongeza farumi, yaani kuweka tani 8 za vyuma chakavu karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Niliihesabu kwa matumaini na matokeo yakanishangaza kwa udogo wake: kitovu cha uzito kilishuka, lakini chombo nacho kilizama sentimita 9 zaidi, metasenta ikashuka pamoja nacho, na faida yote ilikuwa sentimita 5 tu. Chombo bado kingelala zaidi ya nyuzi 14, na ubavu wake ungekuwa karibu zaidi na mawimbi. Njia hiyo ikaachwa.

Ya pili ilikuwa chupa za soda zenyewe: matangi matupu ya chuma yaliyochomelewa ubavuni kwa urefu wa chombo, ambayo fundi aliyaita mashavu, na ambayo yangepeleka upana kutoka mita 5.4 hadi 6.6. Msomaji mwepesi wa hesabu ameshaona kwamba ongezeko hilo ni asilimia 22, uwiano uleule walioutumia Turku walipotoka Freedom kwenda Oasis. Kiufundi ndilo lilikuwa jibu bora. Lilihitaji chuma kingi, miezi ya kazi nchi kavu, injini kula mafuta zaidi, na pesa ambazo zilikuwa zimeshatumika kununua vigae vya bwawa.

Ya tatu ndiyo iliyochaguliwa. Bwawa liliondolewa. Fremu ya chuma ya sitaha ya tatu ilikatwa, na mahali pake pakawekwa jukwaa la nusu ya urefu, lenye nguzo za alumini na paa la turubai, jumla ya tani 2 badala ya 6. Watu wasiozidi 20 ndio wangeruhusiwa kupanda huko kwa wakati mmoja, viti vikafungwa kwa bolti kuelekea katikati, na wengine 40 wakabaki sitaha ya pili. Kwa mpangilio huo kimo cha metasenta kilikuwa mita 0.92, na watu wote 60 wakisogea upande mmoja chombo kingelala nyuzi 7. Mkaguzi alipokea hesabu, akatia saini, na mwenye chombo akapaka ubavuni mstari mweupe wa kuonyesha kiwango ambacho maji yasikivuke chombo kikiwa kimejazwa maji na mafuta, kabla abiria hawajapanda. Mstari huo utarudi katika simulizi hii.

Matokeo

Mashua ilianza kazi na ikapata wateja. Vigae vya bwawa viko leo kwenye choo cha hoteli ndogo ya mwenye chombo, nchi kavu.

Tukio la kwanza la kuandikwa lilitokea mkesha wa sikukuu. Ngazi ya kwenda juu ilifungwa kwa mnyororo na kulabu, na aliyeusimamia alikuwa kijana mhudumu ambaye hakuwa na ubavu wa kumkatalia mteja aliyelipa. Jua lilipokaribia kuzama juu kulikuwa na watu zaidi ya 40, wengi wao upande wa magharibi wakiwa wameinua simu. Nahodha alihisi usukani umekuwa mzito na chombo kimeegemea bila kurudi. Hakupiga kelele. Alizima muziki, akatangaza kwamba chakula kimeandaliwa sitaha ya chini, na akapunguza mwendo taratibu bila kugeuza chombo. Watu walishuka wenyewe kwa ngazi, wakilalamika kwamba muziki umekatwa. Wengi wao hadi leo hawajui kilichotokea.

Tukio la pili halikuwa na kishindo chochote. Nilirudi baada ya miezi kadhaa kwa ukaguzi wa kawaida, chombo kikiwa kimejazwa maji na mafuta na abiria wakianza kupanda, na kabla sijakanyaga ubao wa kupandia nikaona mstari mweupe umezama. Haukuwa mbali, vidole viwili tu, kama sentimita 2. Kila sentimita ya chombo kile ni karibu tani moja. Nilitazama juu. Kando ya turubai palikuwa na tangi jeusi la plastiki la lita 2,000, lililofungwa kwa waya kwenye fremu yake, la kupelekea maji vyooni kwa mteremko, kama unavyoliona juu ya nyumba nyingi za Kampala. Hakuna aliyeliona kuwa ni badiliko la chombo. Lilikuwa tangi tu.

Tani hizo 2, zikiwa juu pale, zilishusha kimo cha metasenta hadi mita 0.77 na kupandisha ulalo wa msongamano kutoka nyuzi 7 hadi zaidi ya 8. Chombo kilikuwa bado ndani ya kanuni, lakini kilikuwa kimetafuna karibu nusu ya akiba yake bila mtu yeyote kuamua.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni jaribio la kuinamisha lenyewe, na hasa kukubali kulirudia. Namba za kwanza zingeweza kuandikwa zikapita, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na michoro ya kuzipinga, na makosa yake yangekuwa yamefichwa ndani ya maji ya ngama. Vifaa vyote viligharimu kidogo sana, na sioni sababu ya chombo chochote cha abiria kwenye ziwa hili kukosa jaribio hilo kwa kisingizio cha gharama.

La pili lililofaa ni karai la fundi. Nilikuwa nimepeleka kwa mwenye chombo namba moja isiyo na maelezo, na namba isiyo na maelezo humpa kila msomaji nafasi ya kuchagua kanuni inayompendeza. Ningepaswa kuanza na nyuzi za msongamano, ambazo ndizo zilizokuwa zikivunja sharti, na kuiacha mita 0.32 ndani ya jedwali. Mwenye chombo hakudanganya mtu aliposoma mita 0.15, alisoma sharti moja akaacha jingine, na barua yangu ndiyo iliyomwonyesha mlango.

Kilichoshindikana wazi ni mnyororo wa ngazi. Nilimpa nahodha kikomo cha watu 20 bila kumpa njia ya kukilinda, na kikomo kinachotegemea kijana wa miaka 19 kusema hapana kwa kundi lililokunywa ni maandishi tu. Sasa tiketi za juu ni 20, za rangi tofauti, kwa zamu za nusu saa, na anayezisimamia ni serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, mtu mzima mwenye sauti. Ujanja wa nahodha wa kuzima muziki umeandikwa katika maelekezo ya chombo, kwa kuwa tangazo la hatari lingewakusanya watu wote mlangoni kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu tangi, lawama ni yangu kuliko ya aliyelifunga. Taarifa yangu ilihesabu watu, chuma na mafuta, lakini sikuuliza hata mara moja maji ya vyoo yangetoka wapi. Bwawa lilipoondolewa, liliondoka pamoja na pampu na mabomba yaliyokusudiwa kulihudumia, na fundi wa mabomba aliyekuja baadaye alifanya kile anachofanya kila siku kwenye nyumba. Chombo chenye kazi hakikai kama kilivyokabidhiwa. Meli iliyoigwa nayo haikukaa: mwaka 2019 peke yake iliangukiwa na winchi ya karakana ikiwa kwenye matengenezo katika Bahamas mwezi Aprili, ikapelekwa Cádiz nchini Hispania, na baadaye mwaka huohuo ikafanyiwa marekebisho makubwa yaliyoiongezea mateleza ya maji na vyumba, hadi tani yake ya ujazo ikafika 226,838. Tofauti ni kwamba meli za namna hiyo zinabanwa na SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaotaka uzito wa meli tupu ya abiria ukaguliwe upya angalau kila miaka 5, na ikigundulika kwamba umebadilika kwa zaidi ya asilimia 2, jaribio la kuinamisha lirudiwe. Mashua yetu ikiwa tupu ina tani 66 hivi, na asilimia 2 yake ni tani 1.3. Maji ya tangi hayahesabiwi katika uzito wa meli tupu, lakini tangi lililojaa lilikuwa zito kuliko mpaka huo siku lilipofungwa.

Tangi lilishushwa likawekwa chini ya sitaha, karibu na mkuku, pamoja na pampu ndogo ya umeme. Siku iliyofuata mwenye chombo alisimama kwenye gati akautazama mstari mweupe, ambao ulikuwa palepale ulipokuwa jana yake, vidole viwili chini ya maji, akaniita kwa hasira: "Injinia, mbona haujapanda?" Nilimweleza kwamba uzito haujapungua hata kilo, umehama tu, na mstari hauwezi kujua kama tani 2 ziko darini au chini ya miguu yake. Aliniamini nusu. Tukaazima tena mizani ya samaki, tukajaza jerikani 10, tukaning'iniza timazi kwenye ndoo ya mafuta, na mara hii yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ubao wa sentimita.